Mgongo Ukutani

Ijumaa, tarehe nane, jioni

Wifi,

Basi viatu nimevivua. Wewe ulisema vitaachia, havikuachia, na miguu ninayo hii hii tu. Mji mzima wa watu nimeutembea pekupeku, mjukuu wetu nyuma yangu kavibeba viatu kama amebeba samaki waliooza. "Bibi, watu wanatuangalia." Nikamwambia wao wamechora kuta zao ili ziangaliwe, na miguu yangu leo nayo ni picha.

Andika vizuri, mama. Huyu anaandika kwa mkono wa kushoto, unamjua, kiganja kinapita juu ya wino kinaufuta. Ukiona mahali pameingia ukungu si machozi, ni kiganja chake. Anasema kwa nini tusipige simu tukamaliza. Nikamwambia mpigie kiziwi uone nani atakuitika. Mimi sisomi, wewe husikii, Mungu alitaka tumpe kondakta kazi.

Sasa mtaa wenyewe. Si ndio huu aliokuwa akinionyesha kwenye simu yake mwezi mzima, bibi twende, siku tatu tu, tukale na kutazama kuta. Uko nyuma ya stendi ya mabasi, maghala ya zamani huku na huku, na hakuna ukuta ulioachwa mtupu. Kuna samaki amevaa tai. Kuna mtoto anapaa na mwavuli. Kuna mzee ndevu zake zote ni ndege, na mmoja anataka kuondoka, unamwona kabisa anataka kuondoka. Chini ya kila picha kuna jiko na mtu anauza, na ndivyo wanavyoelekezana hapa: mayai kwa samaki, mahindi kwa mwavuli, supu kwa mzee wa ndege. Mjukuu anapiga picha kila kitu, hata hindi langu kabla sijaling'ata. Nikamwambia harakisha, utapiga gunzi.

Nimekula, wifi, sikufichi. Yule daktari wa presha usimwambie.

Halafu tukafika kwenye mihogo. Hapo ukutani kuna mwanamke anakaanga, mkubwa, kutoka chini mpaka kwenye bati. Wenzake wote mtaa mzima wanakutazama usoni, huyu kakupa mgongo. Unaona kitambaa cha kichwa, shingo, mabega, fundo la nguo kiunoni, na mkono umeinua kijiko cha matundu. Mkono wa kushoto. Mwandishi wangu akacheka, "Bibi, mwenzangu huyu." Nikasema ehe.

Chini ya picha wamejenga kijibaraza cha saruji, upana wa kiganja, na juu yake sahani ya mihogo ya moto. Nikasema aa, watu wa hapa wana adabu, wamemwekea mzee. Nikakaa, nikala. Nimeshika wa pili ndipo nikasikia mtaa umenyamaza. Anayekaanga pale ni mama mmoja mnene, wanamwita Dada Karai. Kasimama, kijiko kiko hewani, mafuta yanamdondokea kwenye ndala hana habari.

"Bibi, hiyo nani kakupa?"

"Si mmeniwekea?"

"Hiyo si ya wateja. Hiyo ya mwenyewe." Na kidevu kikaonyesha ukutani.

Kumbe kila siku mihogo ya kwanza kutoka kwenye mafuta anawekewa huyo wa kwenye picha. Nikasema nisameheni, mimi mgeni, nina njaa ya safari. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumaliza maneno, wakarudi kwenye kazi zao.

Lakini sikia, wifi. Mhogo ule ulikuwa umechanwa kichwani. Mchano mmoja mfupi kabla haujaingia kwenye mafuta, ili chumvi na limau vipate mlango. Unajua nani anachana hivyo. Mimi, na mtu mmoja mwingine.

Huyu ananiuliza mtu gani. Andika tu, mama, bibi yako mwingine anajua.

Fikiria unijibu. Kondakta ni yule yule wetu, anapiga honi tayari. Jumapili tunarudi.

Mimi wifi yako
(dole gumba, wino wa kalamu hii hii)


Jumamosi, tarehe tisa

Wifi,

Barua nimepata. Kondakta kaiingiza dirishani na mkono wake wote, maana kugonga mlango wangu ni kujichosha.

Mjukuu wangu unayesoma, soma kwa sauti, usiruke kitu.

Hilo la kula kilichowekewa ukuta sikulipenda. Mtu mzima unakaa na kula sahani hujaulizwa. Ulivyo mdoezi wa vyakula vya watu siku zote.

Halafu yule mbuzi wetu aliyepotea. Najua wewe ukiona mbuzi yeyote njiani moyo unakuruka. Mbuzi wenye alama ile ni wengi. Kama umedhani umemwona, usimwite, na usiulize watu alifika lini na alifungwa na nani. Mbuzi yule tulishamlilia, tukamaliza. Kitoto chake kimekua, kina afya, kinajua kusoma na kuandika, tunataka nini tena?

Rudini leo, msingoje Jumapili. Paka hali. Bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, nimejua kwa kukanyaga maji.

Jana mchana mtu alipita uani, kanipa mgongo. Nikamfuata nikidhani ni jirani anaanua nguo. Hakukuwa na mtu, na kambani hakukuwa na nguo. Nakwambia tu ujue.

Wifi yako


Jumamosi hiyo hiyo, alasiri

Wifi,

Anayeandika sasa si mjukuu. Ni fundi mmoja anayechora mabango, wanamwita Rangi Mbili, maana kazi aliianza na makopo mawili. Mjukuu nimemtuma supu kwa mzee wa ndege, na foleni ya pale ni ndefu, nimeichagua makusudi. Sasa naweza kusema.

Mbuzi, wifi? Mtoto kaisoma barua yako kwa sauti mpaka mwisho, mtaa mzima unasikia, halafu kaniuliza, "Bibi, tangu lini tuna mbuzi?" Nikasema zamani. Akasema, "Na kitoto chake kinajua kusoma?" Ndipo nikamtuma supu.

Haya. Ni yeye. Binti yangu, mama yake huyu mtoto, ndiye aliye ukutani.

Fundi huyu huyu ndiye aliyemchora. Hapa walimwita Kushoto. Anasema alikuja msichana mdogo, maziwa bado yanamlowesha gauni, hakusema katokea wapi. Akaanza kukaanga mihogo pale pale na Dada Karai. Mwaka walioamua kuchora kuta, kila muuzaji alichagua achorwe vipi, na yeye akasema, "Nichore mgongo. Walioniona mara ya mwisho waliniona mgongo, wakipita hapa wanijue." Fundi alidhani ni utani wa mtaani.

Wifi, mimi nilikuwa mlangoni nimembeba mtoto, wewe uko ubavuni kwangu. Aligeuka? Hakugeuka. Alisema anakwenda kutafuta kazi, akiipata atamfuata mwanawe. Mpaka leo nikifumba macho ni kitambaa kile na fundo lile, vinaishia kwenye kona ya nyumba ya fundi cherehani.

Na amekufa, wifi. Kifua, wakati wa zile mvua kubwa. Watu wa mtaa ndio waliomzika. Unakumbuka sisi tulivyomwambia mtoto mama yako amekufa, ili aache kukaa kwenye ile kona na kikombe chake cha uji akingoja. Tukampeleka kwenye kaburi, tukamwambia ni hili. Siku ile tunasema, binti yangu alikuwa hapa mzima anachana mihogo. Maneno yetu yakatoka nyumbani, yakatembea taratibu kwa miguu, yakamfikia.

Sasa magauni. Dada Karai kaniambia kila mwaka Kushoto alinunua gauni la mtoto wa kike. Alikuwa anakwenda sokoni anaita watoto wa watu, "Njoo nikupime, mwanangu, na wangu ni mrefu kama wewe," anakisia, anafunga, anampa kondakta wa basi la kwetu. Wifi. Lile la njano lenye mifuko. Lile la maua. Lile la bluu lililokuwa refu tukalipinda. Ulisema umenunua wewe kwa hela ya mayai. Kisha yakakoma, ukasema mtoto amekua, anakwenda shule ya bweni, anunuliwe vitabu. Sasa najua yalikoma kwa nini. Wewe ulijua nini, na tangu lini?

Ngoja, fundi anasema nisiende mbio.

Kuna jambo jingine, na usinicheke. Picha inageuka. Fundi anasema alipoichora kulikuwa na kisogo tu. Ukuta una unyevu, kila mvua plasta inavimba na kubanduka, naye akija kuziba anafuata ukuta ulivyo. Mwaka mmoja sikio likatokea. Mwaka huu kuna mfupa wa shavu. Watu wa hapa wameshazoea, wanamwuliza asubuhi, "Kushoto, leo umelalia upande gani?" Nimemwuliza fundi kama si mkono wake mwenyewe unaotaka kumwona uso. Anatikisa kichwa. Anaandika: si yeye.

Na kile chumba tulichopanga hakina jiko. Ni ghorofani, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Leo mchana nimejilaza, nikasikia mafuta yanaimba, mihogo inaingia mmoja mmoja, harufu imejaa mpaka kwenye shuka. Nikatulia. Nikangoja aseme kitu. Mihogo ikaiva, ikaepuliwa, basi.

Kesho tunaondoka. Nimwambie mtoto au nisimwambie? Nikimwambia naweza kumpoteza na yeye. Nisipomwambia, nitamrudisha nyumbani akiwa amepita mbele ya mama yake akampiga picha kama samaki mwenye tai. Nijibu upesi. Supu inakuja, namwona anatembea polepole asimwage.

Mimi wifi yako
(dole gumba, rangi ya bluu ya fundi)


Jumapili, tarehe kumi, asubuhi

Fundi, kama ni wewe unayesoma, msomee mkiwa wawili.

Wifi,

Usimwambie.

Magauni yalikuwa yake. La kwanza lilipokuja, kondakta alisema limetoka kwa mtoto wa kaka yangu, na neno moja: mama asijue mpaka nije mwenyewe. Nikalishika neno hilo. Kila mwaka nikasema mwaka huu atakuja na atasema mwenyewe. Yalipokoma nikasema amenikasirikia, au ameolewa na ana wengine wa kuwavisha. La kufa sikulijua mpaka nimelisoma kwa mwandiko wa mtu nisiyemjua. Nimekaa jikoni, maji yako kwenye vifundo, sijapiga deki.

Hilo la maneno kutembea usilirudie tena. Nimekuomba.

Mtoto amepalilia kaburi lile tangu mpini wa jembe unamzidi urefu. Matokeo yake ya mitihani alikuwa anakwenda kuyasoma pale kwa sauti. Siku alipopata kazi ya ukarani alikwenda pale kwanza, kisha ndipo akaja kwetu. Leo umwambie alikuwa anamsomea nani? Mama yangu mimi, ambaye hata akiwa hai hakupenda kelele? Muache. Ana mama aliyekufa, na ni kweli amekufa. Kwa nini amzike mara ya pili?

Yule wa uani kaja tena asubuhi hii. Mara hii nimemwita kwa jina lake. Wifi, mimi sisikii. Kama ameniitika nitajuaje?

Pandeni basi la mchana. Nitakuwa stendi.

Wifi yako


Jumatatu, tarehe kumi na moja

Wifi,

Pole kwa kusimama. Kondakta kaniambia ulivaa koti la msibani, basi likaja, ukachungulia kila kiti, mpaka ukamfanya afungue sehemu ya mizigo. Ulidhani nimejificha na magunia?

Nimemwambia. Rangi Mbili, andika kama nilivyosema.

Barua yako nimesomewa, na nilikuwa nimekubali. Nakwambia kweli, nilikuwa nimekubali. Mabegi yamefungwa, tukapita kwa Dada Karai kuaga, mtoto akanunua mihogo ya njiani. Akashika mmoja, akautazama pale kichwani. Akasema, "Bibi, si wewe unayechana hivi?" Nikafungua mdomo useme uongo, nilikuwa nao tayari, mzuri tu, wa mtu niliyewahi kumfundisha sokoni. Mdomo ukasema, "Huyo ukutani ni mama yako."

Hakulia. Akala ule mhogo mpaka ukaisha, taratibu, akafuta vidole. Akauliza amekufa lini. Nikamwambia zile mvua kubwa, ulikuwa ndiyo kwanza umeingia bweni. Akasema, "Kwa hiyo mbuzi ni yeye."

"Mbuzi ni yeye."

"Na ninayempalilia ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Yule mkali?"

"Yule yule."

Wifi, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini barabarani na begi lake. Dada Karai naye akacheka bila kujua sababu. Halafu kicheko kikabadilika katikati kikawa kile kingine, na mimi na Dada Karai tukashuka tukakaa naye pale pale chini, wateja wanaturuka. Basi likapiga honi likaondoka.

Amekasirika pia, nisikudanganye. Jana jioni yote hakuniita bibi. Ananiita wewe. "Wewe, kula." "Wewe, funika miguu." Nimekubali. Na wewe jitayarishe, akirudi na wewe utaitwa wewe, bahati yako husikii. La magauni nimemwambia. Akauliza kama na lile la bluu lilitoka kwa mama yake. Nikasema na hilo. Akasema, "Lilikuwa refu." Usingizini mkono wake ulikuwa unashika pindo la shuka kama analipima.

Nikadhani leo atataka kwenda makaburini. Hataki. Anasema kaburi amehudumia la kutosha. Asubuhi kanitangulia mtaani, nimemkuta Dada Karai hajawasha hata moto, mtoto anamwuliza, "Mama yangu alikuwa anasimama wapi?" Wakamwonyesha. Pale mbele ya jiko saruji imelika, wifi, pana mabonde mawili ya nyayo. Akavua viatu akaingia mle. Miguu ikaenea.

Akachukua kisu. Mimi sijamfundisha mihogo, unajua, nyumbani anaingia jikoni kuchukua maji tu. Akamenya, akapasua, akachana vichwa, kwa kushoto, hakuuliza mtu. Dada Karai akasogea pembeni akashika mdomo wake.

Mihogo ya kwanza ikatoka. Akaiweka kwenye sahani, akaipeleka mpaka kwenye kijibaraza. Akasimama. Mtaa wote umesimama, mtu wa mayai, mayai yake yameungua. Akamtazama wa ukutani, kisha akageuza sahani akaniletea mimi. "Wewe, kula. Si ulishazoea?" Nikala, wifi. Hakuna aliyenyamaza safari hii, wamepiga kelele mpaka wale ndege wa ndevuni nimeona wameshtuka.

Lakini kijibaraza leo ni kitupu, na mimi kila mara nakitupia jicho. Alfajiri kulinyesha. Plasta ya pale shingoni imevimba upya, na fundi alikuja na makopo yake aizibe. Nimemwambia asiguse. Ukuta uendelee wenyewe. Anasema ukiachwa hivyo mvua nyingine mbili tatu picha yote itaanguka. Nimesema labda kabla haijaanguka atakuwa ameshamaliza kugeuka. Anaandika tu.

Yule wa uani, wifi, akija tena usimfuate, na usimwite kama mtu anayedai jibu. Kaa kwenye kiti chako, mwambie mtoto yuko huku, amesimama pale pale. Mwambie magauni yalimfikia yote. Asipogeuka, muache aende.

Tunarudi lini sijui. Mtoto ameomba ruhusa kazini, hajasema ya siku ngapi, na mimi siulizi, anayeitwa wewe haulizi kitu. Bomba lifunge kwa kitambaa kile cha zamani cha jikoni, kivute kwa nguvu. Paka mpe dagaa, si mkate. Na lile jembe la kaburini usilifiche, mtoto kasema mama yako ataendelea kupaliliwa, ila mitihani hatasomewa tena.

Nilitaka kukwambia na jambo la viatu, kuna mwanamke hapa kwa mwavuli anajua kuvilegeza, anavijaza... Ngoja, fundi. Kumejaa moshi, sioni vizuri. Naona migongo miwili tu pale, wa ukutani na wa chini yake, kitambaa na kitambaa, na mikono yote miwili imeinuka. Mtu ameita. Umesikia, fundi? Na wewe umesikia. Sijui ni yupi.

Geuka basi, mama. Nimechoka na migongo.

Kageuka. Anasema mafuta yamechemka, "Bibi, njoo, mafuta yamechemka." Amesema bibi. Acha kuandika, nishike mkono ninyanyuke. Nakuja, mwanangu, nakuja.